Hodi Ambayo Sikuipiga

Asubuhi moja hainitoki kichwani, mwanangu, na nimeshaishi asubuhi nyingi sana. Ilikuwa Jumatatu, katika shule ya misheni kule Busia, upande wa Kenya, mimi nikiwa darasa la saba na kiranja wa usafi. Usicheke. Kiranja wa usafi wakati ule alikuwa mtu mkubwa kuliko unavyodhani. Nilikuwa na fimbo ya mpera mkononi na sauti iliyoanza kuwa nzito wiki chache tu nyuma, na mpaka leo sijui kati ya hivyo viwili ni kipi kilichonilevya zaidi.

Lakini nitakufikisha huko taratibu, maana haraka haraka haina baraka, na wewe umeshazoea kusikia kila kitu kabla hakijasemwa.

Sasa hivi mimi ni mzee wa kukata karatasi. Duka letu la kuchapa na kujalidi lipo hapa Wandegeya, Kampala, hatua chache kutoka chuo kikuu. Kazi kubwa anaifanya binti yangu Auma, mimi hukaa kwenye mashine ya kukatia nikinyoosha kingo za tasnifu. Wanafunzi hudhani mzee huyu hasomi. Mimi husoma. Nimesoma habari za magonjwa ya ndizi, za mitaro ya Kampala, za ndoa za wafugaji, yote hayo bila kukanyaga darasa lolote la chuo.

Miezi michache iliyopita msichana mmoja alituletea tasnifu yake ya historia. Nilifungua katikati, kama ilivyo desturi yangu, macho yakaangukia jina la shule yangu. Mwanangu, niliacha kukata. Auma akaniuliza kama ninaumwa, nikamwambia hapana, nimekutana na mtu ninayemfahamu.

Yote yalikuwamo. Mapadri wa kwanza waliofika na baiskeli mbili. Matofali mekundu waliyoyachoma wazazi wa pande zote mbili za mpaka, maana Busia ni mji mmoja uliopewa serikali mbili, na mama zetu walinunua chumvi huku na matoke kule bila kumwuliza mtu. Kengele yetu ya kipande cha reli. Masista waliokuja baadaye na kupanda maua mpaka kwenye njia ya chooni. Watoto wa upande wa Uganda waliovuka kila asubuhi kwa miguu, daftari kichwani, na maofisa wa forodha wakawajua kwa majina. Nilisoma huku nikinusa uji wa saa nne. Nilitamani nirudishwe pale hata kwa siku moja, nikae tu kwenye benchi la mbele nimsikie mwalimu akikwaruza ubao. Sikujua kwamba mtu anaweza kulitamani jengo kama anavyomtamani mama yake.

Halafu nikafika ukurasa unaohusu miaka ile majeshi yalipotawala Uganda na watu wakakimbia. Msichana aliandika kwamba shule iliwapokea watoto waliokimbia kwa mikono miwili. Hakudanganya, aliandika alichoambiwa. Lakini mimi nilikuwepo.

Miaka ile sisi watoto wa upande wa Kenya tulikuwa tukienda kusimama karibu na kizuizi cha mpakani kutazama askari wa ng'ambo wanavyofanya kazi. Waliamrisha kwa Kiswahili, kwa sauti ya kubweka, na watu wazima wakatii kama kondoo. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, ya shule na ya nyimbo za kanisani. Kwa mtoto wa Kampala wa siku zile kilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki. Sisi hatukulijua hilo. Tuliona sinema ya bure. Tukirudi shuleni tulicheza rodibloku, yaani kizuizi cha askari, wakati wa mapumziko, na mimi, kwa sababu ya ile sauti niliyokwambia, nilikuwa afisa daima.

Kila Jumatatu kiranja wa usafi alikagua mstari kabla ya kengele: kucha, nywele, masikio, na miguu kama ina funza. Jumatatu hiyo nikaona ukaguzi umenichosha. Nikaamua kuwachekesha wenzangu. Nikajaza kifua hewa, nikaweka fimbo begani kama bunduki, nikaanza kupita mstarini nikibweka. Simama sawasawa. Kipande wapi. Vua viatu. Lala chini. Wenzangu walijua mchezo, waliunguruma kwa kicheko, mmoja akajitupa chini akijifanya amekufa.

Katika mstari wa darasa la nne alikuwepo msichana mgeni, ana wiki moja tu shuleni. Aliitwa Felista. Mama yake alikuwa Msamia wa kwetu aliyeolewa Kampala, naye alirudi mpakani ghafla na huyo mtoto na mfuko mmoja. Hilo tu ndilo tulilolijua. Nilipomfikia nikabweka vilevile.

Felista hakucheka. Aliinama akavua viatu vyake, akavipanga chini, cha kushoto karibu na cha kulia, kwa utulivu kama mtu anayelala usiku. Akaweka daftari zake juu ya viatu hivyo. Kisha akalala kifudifudi kwenye vumbi, mikono juu ya kichwa, na akasema kwa Kiganda, kwa heshima kabisa, "Taata taliiwo, ssebo." Baba hayupo, bwana.

Walicheka kidogo, halafu kicheko kikafa chenyewe, safu moja baada ya nyingine. Nilimwambia ainuke, ni mchezo. Lakini nilimwambia kwa Kiswahili, na kwa woga wangu nilisema kwa nguvu, naye akazidi kujibana chini. Ni sista mmoja aliyekuja mbio akambeba. Viatu vilibaki pale mstarini, na mimi nimesimama mbele ya viatu hivyo na fimbo begani.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tuliuimba msemo huo darasani kama kasuku.

Mwenye kunikemea alikuwa Mwalimu Egesa, katekista mzee aliyetufundisha dini na Kiswahili. Aliniita nyuma ya kanisa, alikokuwa akitengeneza mabenchi yaliyovunjika. Nilikwenda nikiwa nimeshajiandaa kwa kiboko, tena nilikitaka. Kiboko kina mwisho wake. Yeye hakushika hata ufito. Aliendelea kupiga randa ubao wake, akanieleza kwamba baba yake Felista alikuwa karani, kwamba alisimamishwa njiani akiwa na mkewe na mtoto, akaamriwa avue viatu. Viatu vilirudi nyumbani, yeye hakurudi. Mtoto aliyaona yote kupitia kioo cha gari.

Nilianza kulia nikasema nilikuwa nacheza tu.

"Wewe ulikuwa unacheza," Mwalimu akasema. "Yeye hakuwa mchezoni."

Kisha akanipa kazi. Kwetu, mwanangu, mtoto akimkosea mtoto wa watu, hatumwi mzee kwanza. Anakwenda aliyekosa, peke yake, anapiga hodi, anasema ni mimi. Mzee hufuata siku ya pili kukaza fundo. Mwalimu akaniagiza niende kwao asubuhi ya kesho yake, kabla ya kengele, nimwambie mama, kisha nimlete Felista shuleni, na nifanye hivyo kila siku mpaka aache kuniogopa. Nikamwomba twende wote. Akatikisa kichwa. "Nikienda mimi itakuwa ni shule imeomba radhi. Aliyemtisha ni wewe, Wandera."

Nikaenda. Hilo nalisema ili usinihukumu zaidi ya ninavyostahili. Walikuwa wamepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, na nilipokunja kona nilimwona mama yake ameketi kizingitini anachambua mchele. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Akainua uso, akanitazama kwa upole, akaniuliza natafuta nini, mwanangu. Na mimi, kiranja, afisa, mwenye sauti nzito, nikamjibu kwamba natafuta kuku wetu aliyepotea.

Mama yule aliweka ungo chini akainuka kunisaidia. Tulizunguka nyumba yote. Aliinama akachungulia chini ya ghala, akauliza kuku mwenyewe ana rangi gani. Nikamwambia mweusi. Akaniuliza kama nasoma Misheni, nikabana koti juu ya sare yangu, nikasema hapana. Jogoo hakuwika, lakini mimi nilimsikia. Nikamshukuru, nikaondoka.

Nilipofika shuleni Mwalimu Egesa alikuwa ananingoja mlangoni pa kanisa. Aliniuliza nimefika? Nimefika. Walisema nini? Hapo, mwanangu, ndipo nilipofanya kosa langu, si lile la mstarini. La mstarini lilikuwa la ujinga. Nilimwambia nimeomba radhi na wamekataa, kwamba mama amesema hataki kumwona mtu yeyote wa Misheni. Mzee alisikitika, akanishika bega, akasema basi nimefanya niliyoweza. Naye hakwenda siku ya pili, maana mlango ukifungwa, mzee mwenye heshima zake hausukumi. Aliniamini. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, dole hupona.

Kila siku nilijiambia nitakwenda kesho. Wiki ikaisha. Jumatatu iliyofuata sista alitutangazia kwamba Felista na mama yake wamerudi ng'ambo, kwa ndugu huko Kampala, na kwamba tumwombee. Tukamwombea. Mimi niliomba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nilikuja Kampala nikiwa kijana wa kutafuta kazi, hali ya nchi ikiwa imeanza kutulia. Siku ya kwanza nilitafuta chumba hapa Wandegeya. Nikapiga hodi kwa mama mmoja, nikamsalimia kwa Kiswahili changu kizuri cha Misheni, nikaona uso wake unafungwa kama dirisha. "Hapana nyumba hapa, ssebo," akaniambia. "Mimi hapana taka maneno ya majeshi." Nilisimama pale nje na begi langu nikaelewa kwa mwili mzima jambo ambalo Mwalimu Egesa alinieleza kwa maneno. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilijifunza Kiganda kwa bidii kuliko nilivyowahi kujifunza kitu chochote, na watu walinisifu, wakadhani ninapenda lugha. Kila nilipopishana sokoni na mwanamke wa umri wa Felista nilimtazama mara mbili. Ningemjuaje? Nilimwona wiki moja, tena mara ya mwisho amelala kifudifudi.

Sasa turudi kwenye tasnifu. Nyuma kabisa kulikuwa na orodha ya watu waliohojiwa, na katikati ya majina ya mapadri na walimu wastaafu nikaona: Felista, mshonaji, Makindye, Kampala, alisoma hapo kwa wiki moja tu. Nilikiona kijistari hicho, nikazima mashine.

Unadhani nilikwenda Makindye? Nilikwenda Busia. Mtu akiwa mwoga akiwa kijana, uzee haumponyi wenyewe tu. Nilijiambia ni lazima nikaione shule kwanza, nikapanda basi asubuhi, nikashuka mpakani mchana. Nikatembea kwa kumbukumbu ya miguu. Nilipofika nilikuta ukuta wa mabati na nyuma yake malori, matrela yasiyohesabika yakingoja zamu ya kuvuka. Kanisa lilikuwa ghala la mahindi. Madarasa mawili yamebaki, wamelala humo madereva. Mlinzi kijana alinifuata akaniuliza kwa adabu, "Mzee, unatafuta trela gani?" Nikamwambia natafuta shule. Akanieleza kwamba barabara ilipanuliwa, kelele na vumbi vikazidi, watoto wakahamishiwa shule nyingine na uwanja ukakodishwa, yeye mwenyewe hakuikuta. Aliniruhusu nikae kidogo. Nilikaa kwenye tairi, mahali ambapo nadhani palikuwa mstari wa darasa la nne, nikalia kama mtoto. Niliililia shule, na nilijililia mimi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiota jambo moja la kipuuzi: kwamba ipo siku nitampata yule msichana, na nitamshika mkono nimpeleke pale, kama nilivyoagizwa.

Wiki iliyofuata yule mwanafunzi wa tasnifu alinipeleka Makindye. Nyumba ndogo kilimani, cherehani mbili barazani, kitambaa cha gomesi, lile vazi la akina mama wa Uganda, kimetandazwa mezani. Felista ni mama mnene mwenye miwani, anacheka haraka. Alitukaribisha kwa Kiganda, "Tukusanyukidde, ssebo," akaleta viti na chai. Nikasubiri msichana aende zake. Kisha nilipiga magoti kwenye baraza ile, na magoti yangu unayajua yalivyo, nikasema, "Nsonyiwa, nnyabo." Nisamehe, mama. Nikamweleza yote kwa Kiganda, kuanzia mstari mpaka uongo niliomwambia Mwalimu. Hata kuku mweusi.

Alikuwa ameshika mkasi, akauweka chini. Akaniambia niinuke, niketi kitini, majirani wanatazama. Akasema kwamba la mstarini alikwisha kunisamehe zamani, aliona baadaye kwamba nilikuwa mtoto kama yeye. Amekutana na watu wazima waliomtisha kwa kukusudia. Akaniuliza habari za shule, nikamwambia ni yadi ya malori. Akacheka kidogo, akasema basi sote wawili tumeikosa.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikwenda kulisikia. Baada ya siku ile mama yake hakukasirika. Alikuwa Msamia, alijua desturi. Alimwambia binti yake watu wa shule watakuja, ni lazima waje, wakija aende nao. Kila asubuhi ya wiki ile alimpigia pasi sare yake, akamvalisha, akamketisha kitandani nyuma ya pazia, naye mwenyewe akatoka kuketi kizingitini angoje. Walipofika Jumapili bila mtu kuja, mama alisema shule isiyojua kuomba radhi haiwezi kumlea mtoto aliyefiwa. Wakavuka. Kampala hakukuwa na karo wala mtu wa kumsomesha, akafundishwa cherehani.

Nilimwuliza, kwa sauti ambayo haikuwa nzito tena, kama ningepiga hodi siku ile angekubali kwenda na mimi.

"Ningekwenda," Felista akasema. "Nilikuwa nimeshavaa."

Nimekusimulia haya, mwanangu, kwa sababu wiki iliyopita nilikusikia ukimwambia Auma kuwa umemkosea mwenzako na utamtafuta mambo yakitulia. Hayatulii yenyewe. Yanapoa, na kupoa si kupona. Ukimwumiza mtu, hata kwa mchezo, usianze kupima kama alistahili kuumia kiasi hicho. Wewe hujui alipita wapi kabla ya kufika mbele yako. Nenda. Nenda ukiwa bado unatetemeka, maana ukingoja ushujaa utakuja ukiwa mzee na magoti mabovu. Usimtume mtu, usiandike kwenye simu, na ukifika mlangoni usitafute kuku. Useme ni mimi.

Na ukishasamehewa, usidhani umerudisha kitu. Felista amenisamehe, tunatumiana salamu, mwezi uliopita amemshonea Auma gomesi. Lakini jino la pembe si dawa ya pengo. Msichana yule wa darasa la nne hakusoma, na mtu wa kumrudisha darasani alikuwa mimi, na nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Msamaha wa mapema ungempa shule. Msamaha wa leo umenipa mimi usingizi tu.

Basi inuka, chukua koti lako, mvua ya jioni haijaanza. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na miguu isiyogeuka mlangoni pa watu. Akuwekee hai wote uliowakosea mpaka uwafikie. Na wale wanaokungoja, mwanangu, Mungu awajalie wakusikie ukipiga hodi kabla hawajachoka kungoja.